Waini ya Dodoma: anza na nyeupe kavu, ile nyekundu tamu isubiri

Wadau, leo naongelea waini ya Dodoma na naanza na hukumu yangu kabisa, asiye na muda asome hapa aendelee na shughuli zake: kama hujawahi kunywa nyeupe kavu (isiyo na utamu wa sukari) ya Dodoma, ile ya zabibu ya Chenin blanc, imepoa vizuri, basi waini ya Dodoma bado hujaijua. Wengi wetu tukisikia Dodoma tunawaza ile nyekundu tamu ya kwenye sendofu, inamiminwa juu ya barafu au inachanganywa na soda, tukishaionja hiyo tunafunga mjadala, tunasema ya kwetu ni sharubati yenye kilevi, tunarudi kwenye chupa za Afrika Kusini. Mi nasema hapana, kuna kitu kizuri sana kinapitwa hapa na kinapitwa kwa sababu tunaanza na chupa isiyofaa.

Nilichofanya ni hivi. Nimeonja kwenye kiwanda kidogo upande wa Hombolo, hukohuko Dodoma, nikanunua na chupa za watengenezaji tofauti Dodoma mjini na Dar, afu nyumbani tukazionja na marafiki chupa zote zikiwa zimefungwa gazeti mpaka shingoni ili mtu asihukumu kwa lebo au kwa bei. Nawashauri mfanye hivyo siku moja, kwa sababu mtu akishaona neno Dodoma kwenye chupa anakunja uso kabla hata ya kunusa, ila gazeti likiwepo anasema ukweli. Na ukweli uliosemwa mezani kwetu ni kwamba nyeupe kavu ya Hombolo iliwekwa juu ya nyeupe ya Afrika Kusini yenye bei kubwa zaidi, na aliyeisifia kuliko wote ni dada mmoja ambaye siku zote anasema waini ya nyumbani hagusi.

Tuanze na hiyo nyeupe basi. Kwenye glasi ni ya njano hafifu yenye ukijani kwa mbali. Ukiinusa ya kwanza kuja ni pera, pera lililoiva lakini bado gumu, afu ganda la limau, afu nyuma kidogo kuna pasheni. Mdomoni inakuja na ukali safi, ule unaofanya mate yatoke pembeni ya ulimi, hakuna utamu wa sukari kabisa ila tunda lipo, na ukishameza haipotei papo hapo, inakaa na inamalizia na kauchungu kadogo ka kokwa la limau ambako mi nakapenda kinoma. Mwili wake si mzito. Hii ni waini ya kunywa mchana wa joto, na Tanzania mchana wa joto hatujaupungukiwa.

Sasa kwa nini Chenin inakubali pale? Hii zabibu asili yake ni Ufaransa, bonde la mto Loire, na Afrika Kusini wameilima miaka na miaka mpaka wakaipa jina lao, Steen. Sifa yake kubwa ni kwamba hata ikikaa kwenye jua kali haipotezi ukali wake haraka, na ukali ndo uti wa mgongo wa waini nyeupe, ukiondoka huo inabaki maji matamu. Dodoma ipo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana jua linachoma lakini usiku, hasa Juni na Julai, baridi inaingia kweli, na hiyo tofauti ya mchana na usiku inasaidia zabibu kutunza asidi wakati sukari inapanda. Kilichobaki ni kiwandani: juisi itenganishwe na maganda haraka, na ichachuke kwenye tenki lililopozwa. Nyeupe ikichachukia kwenye joto zile harufu za tunda zinaruka zote, na hapo ndo utaona tofauti ya kiwanda chenye mitambo ya kupoza na kisicho nayo, huhitaji kuambiwa, pua inatosha.

Maana nyeupe nyingine tuliyoionja siku hiyohiyo ilikuwa imeharibika kabisa. Rangi imeshaanza kwenda kahawia, harufu ya tufaha lililokatwa likaachwa mezani toka asubuhi, tunda halipo. Ila sidhani hiyo ni kosa la aliyeitengeneza, kwa sababu nilikoinunua, duka moja Dar ambalo silitaji, chupa zilikuwa zimesimama dirishani zinaangaliana na jua la mchana na vumbi juu. Waini nyeupe ukiiweka hivyo miezi kadhaa unaiua, iwe ya Dodoma au ya Ufaransa. Hilo linaniuma, kwa sababu mteja anayekutana na chupa ile kwa mara ya kwanza hatalaumu dirisha, atailaumu Dodoma, na harudi tena.

Haya, nyekundu.

Hapa kuna mambo mengi na inabidi twende taratibu. Zabibu nyekundu inayolimwa zaidi kule inaitwa Makutupora, jina la sehemu ileile yenye kituo cha utafiti wa zabibu, siku hizi kipo chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo. Mkulima wa Mpunguzi, Mbabala, Veyula, Matumbulu, ukimuuliza ana nini shambani mara nyingi atakutajia hiyo. Kuna pia Syrah, na kuna zabibu za Kitaliano kama Aglianico, Teroldego na Marzemino ambazo zimeingizwa baadaye, Hombolo ndo kwenye mkono wa Waitaliano, kampuni ya waini ya Cetawico ilianzia huko. Historia yenyewe inaanzia kwa wamisionari wa Kikatoliki kabla ya uhuru, pale Bihawana, walitaka divai ya misa, na mpaka leo divai ya altare ni sehemu ya soko la Dodoma. Baadaye ikaja DOWICO, kampuni ya waini ya serikali, ikafa, wakulima wakabaki na zabibu zao bila mnunuzi wa uhakika, na viwanda vya sasa vimekuja kujenga juu ya magofu hayo. Nasema haya kwa sababu ukionja waini ya Dodoma ukategemea ukongwe wa karne tatu utakuwa huitendei haki, hawa watu wanajifunza zabibu yao wenyewe, Makutupora hakuna nchi nyingine ya kwenda kuiangalizia.

Pale kiwandani nilipata bahati ya kuonjeshwa Makutupora mbili kutoka matenki mawili, bado hazijaenda kwenye chupa. Kaka anayetengeneza alifungua kabomba kadogo chini ya tenki la kwanza akatoa kidogo kwenye glasi, akaenda la pili akatoa, akaniwekea mbele bila maelezo, akasema, "Onja kwanza dada, afu uniambie." Ya kwanza rangi nyekundu iliyochujuka, ukiinamisha glasi pembeni inakuwa karibu na waridi, harufu ndogo, mdomoni nyepesi, maji yanasikika, mwisho ukali mkavu usio na kitu cha kuubeba. Ya pili rangi imeshiba, harufu ya zambarau zilizoiva mpaka zinapasuka, kwa nyuma kuna majani makavu na udongo uliopata mvua ya kwanza, mdomoni inajaa, tanini (ule ukakasi wa maganda na mbegu) ndogo laini zinashika fizi kidogo zinaachia. Zabibu ileile, kijiji kilekile, mtengenezaji yuleyule. Tofauti ni kwamba ya kwanza ilivunwa Machi na ya pili ilivunwa Septemba.

Na hili ndo jambo ambalo kila mnywaji wa waini ya Dodoma inabidi alijue, kwa sababu ni la pekee, sehemu zinazovuna zabibu mara mbili kwa mwaka duniani ni chache. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu usingizi kama Ulaya, kwa hiyo mkulima ndo anauamsha kwa mkasi, akipogoa leo mzabibu unaanza upya, unachipua, unatoa maua, na baada ya miezi minne au mitano hivi anavuna. Anaweza kupanga mavuno ya Februari na Machi, na mengine ya Agosti na Septemba. Sasa mvua ya Dodoma ni chache, milimita 500 au 600 hivi kwa mwaka, lakini karibu yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili, yaani katikati ya mavuno ya kwanza. Zabibu zinakunywa maji zinavimba, sukari inakuwa imeyeyuka kwenye maji, ukungu na ubwiri unaingia, mkulima anaogopa kuoza anavuna mapema hata kama hazijaiva sawasawa. Mavuno ya kiangazi ni kinyume, anga kavu, usiku baridi, mkulima anasubiri bila hofu mpaka tunda liwe tayari, na maji anayapima mwenyewe kwa umwagiliaji.

Yule kaka alinionyesha kifaa chake cha kupimia sukari. Alichuma punje moja, akaiminya tone likaangukia kwenye kioo, akafunika, akanielekeza nichungulie kwa jicho moja nikiangalia upande wenye mwanga, ndani unaona mstari wa bluu umekata namba. Akasema lori likileta zabibu zenye namba ya chini hawezi kufanya muujiza wowote, waini inayotoka itakuwa nyepesi, na njia rahisi ya kuificha ni kuiongezea utamu. Hapo ndo nikaelewa kwa nini soko limejaa tamu. Na mkulima naye akilipwa kwa kilo tu, sukari haiangaliwi, ana sababu gani ya kusubiri wiki mbili zaidi na mvua inagonga? Kilo ni kilo. Simlaumu hata kidogo, mtu ana ada za watoto, na miaka ambayo zabibu zinaozea shambani kwa kukosa mnunuzi anaikumbuka vizuri. Baadhi yao siku hizi wanasindika wenyewe wanauza mchuzi wa zabibu, yaani waini ghafi, kwa viwanda vikubwa badala ya tunda bichi, angalau ule hauozi kesho, lakini nao bei yake haitabiriki.

Nirudi kwenye glasi. Nyekundu kavu ya Makutupora iliyo kwenye chupa, nikichukua wastani wa zote tulizoonja, ni waini ya heshima, ya kunywa ikiwa changa, mwaka mmoja miwili, usiiweke stoo ukitegemea itakomaa. Ikiwa nzuri ina lile zambarau na ulaini, ikiwa mbaya ina maji na ukali. Ile nyekundu kavu ya Dodoma Wine ya TDL (Tanzania Distilleries), ambayo ndo rahisi kuipata karibu kila supamaketi, ni sehemu nzuri ya kuanzia kwa mtu anayetaka kuhama kutoka kwenye tamu, haitakutisha. Syrah nimeikubali zaidi, rangi nzito, pilipili manga inasikika kabisa puani, tanini zina mkono, hiyo ukipewa imefungwa gazeti huwezi kudhani ni ya nyumbani. Aglianico niliyoonja ilikuwa bado changa na tanini zake kali zinakausha mdomo wote, nadhani inahitaji muda, na nitaitafuta tena kwa sababu chini ya ule ukali kulikuwa na tunda jeusi zuri sana.

Kuna nyekundu moja niliyopewa kwa glasi kwenye baa Dodoma mjini ilikuwa inanuka siki wazi kabisa, chupa imefunguliwa toka sijui lini. Jamani wenye baa, waini nyekundu ikifunguliwa siku mbili tatu mwisho, tena kwa kufungwa vizuri na kuwekwa kwenye friji. Kama hamuuzi glasi nyingi basi leteni chupa ndogo.

Tamu nazo nisiziseme vibaya zote. Tamu ya asili iliyotengenezwa vizuri, ambayo ule utamu unatokana na zabibu na bado kuna asidi ya kuushikilia, ikipoa ukainywa na mishikaki yenye pilipili ya kutosha inaenda vizuri kuliko kavu yoyote, kwa sababu kavu na pilipili kali zinagombana, kilevi kinaonekana moto na tanini zinakuwa chungu. Shida yangu ni zile tamu ambazo utamu umekaa juu na chini hakuna kitu. Ukishameza inabaki sukari midomoni na kesho yake kichwa.

Kwenye chakula, nyeupe kavu na samaki wa kupaka ni ndoa, ule ukali unayakata mafuta ya nazi unataka tonge jingine. Pweza wa nazi vilevile, kuku wa kuchoma na ndimu vilevile. Tuliijaribu na mlenda wa Kigogo wenye karanga, ugali wa uwele pembeni, na nawaambia ilifanya kazi, mlenda unateleza na karanga ni nzito, waini inakuja inasafisha. Makutupora kavu mpe mbuzi wa kuchoma, mwenye mafuta kidogo, chumvi tu. Kachumbari yenye ndimu nyingi iweke mbali na nyekundu, ndimu inaifanya waini ionekane imepooza. Syrah ni ya nyama ya ng'ombe, mbavu hasa.

Halafu joto. Hili nalirudia kila mahali na nitalirudia tena: maneno ya "nyekundu inywewe joto la chumba" yalisemwa kwa vyumba vya Ulaya zamani, nyuzi 16 mpaka 18, siyo sebule ya Sinza saa kumi jioni. Nyekundu yako iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua. Nyeupe iwe nyuzi 8 mpaka 10, ila isigande, ukiizidishia baridi lile pera halisikiki. Barafu ndani ya glasi hapana, unalipia waini unakunywa maji.

Bei ndo furaha yenyewe. Chupa nyingi za Dodoma dukani hazifiki elfu ishirini, na hilo si bahati tu, waini yenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 inatozwa ushuru mdogo kuliko ya nje, kwa hiyo kwa hela ileile unayonunulia ya nje ya hali ya chini kabisa, kwa Dodoma unapata ya juu. Ukinunua angalia nyuma ya chupa, usome imetengenezwa wapi na kwa zabibu gani. Ikiwa imeandikwa jina la zabibu ni dalili nzuri. Chagua ile ambayo haijakaa kwenye mwanga, chukua ya nyuma ya shelfu, na nyeupe nunua changa kadiri inavyowezekana.

Ombi langu kwa watengenezaji ni moja tu na halina gharama: andikeni kwenye lebo mwezi wa mavuno. Mwaka peke yake kwa Dodoma haunisaidii, mwaka mmoja una waini mbili tofauti kabisa ndani yake. Ukiandika Septemba mi nitalipa zaidi, na nina uhakika si peke yangu. Na ile ya Machi iuzwe kwa jina lake, nyepesi, ya kupoza, au ifanyiwe rozee, waini ya waridi, maana rangi yake tayari inaelekea huko, nilimwambia yule kaka akacheka akasema wanalifikiria.

Kwa anayetaka kwenda kujionea, treni ya SGR imerahisisha sana safari toka Dar, na ukifika mjini vijiji vya zabibu haviko mbali. Nenda Agosti au Septemba, piga simu kwanza maana viwanda vingi vidogo havina mtu wa kupokea wageni kila siku, na fika asubuhi mapema kwa sababu zabibu zinachumwa kabla jua halijawa kali. Mbukwenyi ndo salamu ya Kigogo, jifunze hiyo. Beba boksi lenye vigawanyo vya chupa na taulo la kuzifunika, na usiziache kwenye gari lililofungwa juani wakati mnakula. Mi nilirudi na nyeupe kavu nyingi na Syrah chache, na zile nyeupe zimeshaisha.